Trela za Matembezi (3): Kiungo cha Kugawa Uzito na Kuzuia Kuyumba

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza aina za trela za matembezi zinazouzwa Marekani na Canada, na namna ya kujua kama pikapu yako inaimudu ile uliyoipenda. Leo tunafika kwenye chuma kinachoviunganisha viwili hivyo. Wauzaji hukitaja mwishoni kabisa, hati zikiwa zimekwisha kutiwa saini, na mnunuzi aliyechoka hufungiwa chochote kilichopo stoo. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia.

Tuanze na mzigo. Sehemu ya uzito wa trela hulalia tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Uzito huo, ambao nitauita uzito wa shingo, unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela iliyokwisha kupakiwa. Trela ya kilo 3,000 basi hukandamiza tufe kwa kilo 300 hadi 450. Shida ni kwamba tufe liko nyuma ya ekseli ya nyuma, si juu yake. Aliyewahi kusukuma baiskeli iliyobebeshwa magunia ya mkaa nyuma, gurudumu la mbele likitaka kuinuka kila penye kilima, anajua kinachofuata.

Chukua pikapu ambayo ekseli zake zimeachana mita 3.6, na tufe liko mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Weka kilo 360 juu ya tufe. Ekseli ya mbele itapunguziwa kilo 140, na ya nyuma itabebeshwa kilo 500, yaani zaidi ya ule mzigo wenyewe. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapungukiwa na uzito wa kushikia barabara, na usiku taa zako zinawamulika machoni wanaokuja mbele.

Kiungo cha kugawa uzito huondoa kasoro hiyo kwa fimbo mbili za springi. Fimbo huchomekwa kwenye kichwa cha kiungo, chini ya tufe, zikaelekea nyuma sambamba na shingo ya trela, na ncha zake huvutwa juu kwa minyororo au kukalishwa juu ya mabano yaliyofungwa kwenye fremu. Zinapopinda, hutaka kunyooka, na katika kutaka kunyooka huuinua mkia wa gari na kurudisha uzito mbele. Kwa mfano wetu, tukirudisha kilo 70 kwenye ekseli ya mbele, na ikiwa kutoka tufe hadi katikati ya magurudumu ya trela ni mita 4.2, kilo 45 hivi huhamia kwenye magurudumu hayo, na ekseli ya nyuma ya gari hupumzishwa kilo 115. Hakuna uzito uliopotea, umehamishwa tu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kiungo hiki huongeza uwezo wa gari kubeba. Kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva kinabaki vilevile.

Je, urudishe kiasi gani? Zamani mafundi walitaka ekseli ya mbele irudi kwenye uzito wake wote wa awali. Siku hizi vitabu vya magari kadhaa vinasema nusu inatosha, kwa sababu kuikandamiza mno mbele huifanya nyuma iwe nyepesi na gari liteleze kwenye kona. Fuata kitabu cha gari lako, si fundi wa jirani. Na kabla ya yote hakikisha kitabu hicho kinaruhusu kiungo cha namna hii. Yapo magari, hasa yale yasiyo na chesesi ya kujitegemea, ambayo watengenezaji wake wanakikataza. Soma pia kibao kilichobandikwa kwenye tundu la kuchomekea kiungo. Mara nyingi kina viwango viwili, kimoja cha kubeba uzito moja kwa moja, kingine cha kubeba kwa fimbo za kugawa.

Sasa ununuzi wenyewe. Fimbo huuzwa kwa viwango vya pauni: 600, 800, 1,000, 1,200 na kuendelea. Mnunuzi hutazama uzito wa shingo ulioandikwa kwenye kipeperushi cha trela na kuchagua fimbo kwa huo. Lakini namba hiyo ni ya trela tupu, na kwa kawaida haina maji, vyombo vya jikoni wala nguo, na pengine hata betri na mitungi ya gesi havimo. Tangi la maji la lita 150 likiwa mbele ya magurudumu, shingo inanenepa mara moja. Ongeza pia mizigo iliyo ndani ya pikapu nyuma ya ekseli yake, kwani nayo hukandamiza upande uleule. Kwa mfano wetu, kilo 360 za shingo na kilo 60 za mizigo ni kilo 420, yaani pauni 926. Fimbo za 800 hazifai, chukua za 1,000. Usinunue za 1,400 ukidhani chuma kinene ni salama zaidi. Fimbo ngumu kupita kiasi haipindi, na kila shimo la barabara hupigwa moja kwa moja kwenye fremu ya trela.

Kuyumba ni jambo la pili, na ndilo linaloua. Upepo wa ubavuni au lori linalokupita huisukuma trela. Shingo yake huuvuta mkia wa gari pembeni. Gari nalo linageuka na kuurudisha msukumo. Kwa mwendo mdogo mtikisiko huo hufa wenyewe. Ukivuka mwendo fulani, kila myumbo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia, na mteremko huzidisha hatari. Malori ya semi-trela hayasumbuliwi hivyo, maana sahani inayobeba trela iko juu ya ekseli za nyuma.

Kizuizi cha bei nafuu ni fimbo moja ya msuguano inayofungwa kando. Inafaa trela ndogo, ila hutakiwa kufunguliwa kabla ya kurudi nyuma kwa kona kali, na watu husahau. Afadhali mfumo ambao fimbo za springi zenyewe ndizo zinazosugua, kama Equal-i-zer, au ule wa Reese wenye kamu mbili unaoivuta trela irudi katikati. Juu kabisa kuna Hensley Arrow na ProPride, vyote kutoka kwa mbunifu Jim Hensley. Hivi havitegemei msuguano. Viungo vyake huifanya trela ijizungushe kana kwamba tufe liko karibu na ekseli ya gari. Bei yake inakaribia dola 3,000 au kuzidi. Kwa familia yenye trela ya mita sita au saba na pikapu ya kawaida, naona mfumo wa fimbo zinazosugua unatosha. Anayevuta trela ya mita tisa kwenye nyanda zenye upepo za Wyoming ana sababu ya kulipa zaidi.

Ila hakuna kizuizi kinachotibu trela iliyopakiwa vibaya. Baiskeli na jenereta zikining'inizwa nyuma, shingo ikabaki na asilimia saba, kizuizi kitaficha ugonjwa hadi siku utakapozidi. Ikiyumba barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kuuyumbisha, kisha kamata breki za trela peke yake kwa kitufe cha mkono cha kuongozea breki hizo.

Madereva wanaopita mizani ya Vigwaza au Mlolongo hawahitaji kuelezwa faida ya kupima kila ekseli. Marekani na Canada mizani ya CAT Scale iko kwenye vituo vya malori, na mtu yeyote anaweza kulipa akapimiwa. Pima mara tatu: fimbo zikiwa zimefungwa, fimbo zikiwa zimeachiwa, na gari peke yake. Ukitoa uzito wa gari peke yake kwenye uzito wa gari hilohilo fimbo zikiwa zimeachiwa, umepata uzito wa shingo.

Wiki ijayo tutaeleza breki za umeme za trela. Kabla ya hapo, kama trela yako tayari iko uani, ipakie kama unavyosafiri kweli, maji na gesi vikiwemo, uipeleke ikapimwe.