Kakakuona Mkubwa na Gamba Linalomponza

Mvua za masika zikianza, watu wa Namboboto na Samia kwa jumla, katika kaunti ya Busia, hufunika vichuguu na kusubiri kumbikumbi watoke. Sisi twangoja wenye mabawa. Yuko mnyama ambaye hutafuta mchwa na chungu mwaka mzima, usiku, peke yake, akibomoa vichuguu kwa kucha za mbele. Ni kakakuona mkubwa, na Wakenya waliomwona kwa macho ni wachache mno.

Anayetazama filamu za wanyama humdhania kuwa ndugu wa armadilo mkubwa wa Amerika Kusini. Kwa vipimo wanakaribiana kweli. Armadilo huyo hufikia mita moja na nusu ukijumlisha mkia, na uzito wake huwa kati ya kilo 18 na 33 hivi. Kakakuona mkubwa hufikia mita 1.4 na hupita kilo 30, akiwa ndiye mzito kuliko wenzake wote katika spishi nane za kakakuona duniani. Lakini undugu haupo. Jamaa wa karibu wa kakakuona ni wanyama walao nyama, kina simba, fisi na mbwa. Kilichowafananisha hao wawili ni chakula chao na kazi ya kuchimba.

Ukiwachunguza, tofauti zinajitokeza. Deraya ya armadilo ni vibao vya mfupa vilivyo ndani ya ngozi, na kinywani ana vijino vinavyoweza kukaribia 100. Ukucha wake wa kati hufikia sentimita 20. Kakakuona hana jino hata moja. Mchwa husagwa tumboni kwa msaada wa vijiwe anavyomeza, na ulimi wake, ambao unaweza kupita sentimita 40, umeshikizwa ndani kabisa ya kifua, karibu na mbavu za mwisho. Magamba yake ni kitu kile kile kinachounda kucha zetu. Anayenunua gamba hilo kama dawa ananunua ukucha.

Na bado linanunuliwa. Januari 2019 maafisa wa Uganda walinasa vipande 750 vya pembe za ndovu na maelfu ya magamba ya kakakuona, vikiwa vimefichwa ndani ya magogo yaliyochongwa shimo. Shehena za Uganda zinazokwenda bandari ya Mombasa hupitia vituo vya mpakani vya Malaba na Busia. Kwa maoni yangu, mkaguzi wa mpakani anayelitambua gamba akiliona anamlinda mnyama huyu sawa na askari wa msituni. Biashara ya kimataifa ya kakakuona wa porini imepigwa marufuku tangu 2017, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamlinda.

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa kakakuona mkubwa ametoweka Kenya. Mwaka 2018 alithibitishwa kuwa yuko hai katika msitu wa Nyekweri, Trans Mara, kaunti ya Narok. Habari hiyo ilinifurahisha kuliko nyingi nilizowahi kusoma kuhusu wanyamapori, ila ilikuja na jambo la kusikitisha. Mashamba yanayouzunguka msitu yamezungushiwa nyaya za umeme kuzuia ndovu. Kakakuona akiguswa na hatari hujikunja, tumbo ndani, magamba nje. Simba na chui hushindwa kumfungua. Akiguswa na waya hufanya vivyo hivyo, na waya hubaki katikati ya mkunjo. Kila pigo la umeme humfanya ajikaze zaidi, hadi afe.

Jike huzaa mtoto mmoja kwa mzao, humbeba juu ya mkia, kwa hiyo kila anayekufa huchukua miaka kufidiwa. Shirika la The Pangolin Project limekuwa likikaa na wenye ardhi wa Kimaasai ili waondoe nyaya za umeme za chini. Ndovu huzuiwa na waya wa juu; ule wa chini kabisa, ulio kimo cha tumbo la kakakuona, unaweza kutolewa na shamba likabaki salama.