Fomu Moja, Vibandiko Viwili: Tahadhari kwa Wanaoanza Kuandika Programu



Miongoni mwenu wapo walioanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, na wengi huanza na Python au Java. Katika lugha hizi programu hupangwa kwa vitu, na kila kitu hubeba habari zake pamoja na kazi zake. Mpango huu una asili katika lugha ya Simula 67, iliyotungwa nchini Norway na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Katika makala hii tutaeleza makosa matatu yanayowapata wanaoanza. Yote yana chanzo kimoja: kudhani kwamba jina na kitu ni jambo moja.

Klasi, kitu na jina

Chukueni mfano wa fomu ya kuandikishia wanafunzi. Fomu tupu, yenye nafasi ya jina, umri na sura zilizohifadhiwa, ndiyo klasi. Fomu iliyojazwa kwa ajili ya Salma ni kitu, na ya Yusuf ni kitu kingine. Klasi ni moja, vitu ni vingi. Ama jina analotumia mwandishi ndani ya programu, hilo ni kibandiko tu cha kuonyesha fomu ilipo. Na fomu moja yaweza kubandikwa vibandiko viwili. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Kosa la kwanza: Kuweka mali ya mmoja kwenye klasi

Kosa hili tulilifanya sisi wenyewe. Tuliandika kwa Python programu ndogo ya kuweka kumbukumbu za hifdhi ya Juzuu Amma, yenye sura 37. Ndani ya klasi ya Mwanafunzi tukaandika mstari huu:

sura = []

Tulidhani kila mwanafunzi atapata orodha yake. Kumbe orodha iliyoandikwa hapo ni ya klasi, na wanafunzi wote huitumia hiyo hiyo moja. Mmoja wao alipomsomea ustadhi Suratun Nabaa kwa ghibu, tukamwongezea, na ikawa tumewaongezea wote.

Ripoti zilipotoka, baadhi zilifika nyumbani kabla hatujazilinganisha. Mzazi mmoja alifurahi mno, akamwita mwanawe asome mbele ya wageni. Mtoto akanyamaza. Akaonekana amewadanganya walimu, ilhali hakusema neno lolote. Programu yetu ndiyo iliyosema. Tulimwomba radhi yeye kwanza, kisha mzazi wake.

Dawa yake ni fupi. Orodha itengenezwe ndani ya __init__, yaani sehemu inayofanya kazi kila kitu kipya kinapoundwa:

self.sura = []

Hapo kila mwanafunzi hupewa orodha yake mwenyewe.

Kosa la pili: Kudhani umenakili

Tuseme mnataka kuhifadhi orodha ya Rajabu kama ilivyo, kisha muendelee na ya Shaabani. Mwanafunzi huandika:

shaabani = rajabu

Hapa hakuna nakala iliyofanyika. Kilichofanyika ni kubandika kibandiko cha pili juu ya fomu ile ile. Mkiongeza jina katika Shaabani, litaonekana katika Rajabu pia, na kumbukumbu ya mwezi uliopita itakuwa imeharibika bila kompyuta kutoa onyo lolote. Andikeni hivi:

shaabani = rajabu.copy()

Lakini hata hapo kuna jambo la kuangalia. Nakala hii ni ya orodha ya nje tu. Ikiwa ndani yake kuna orodha nyingine, hizo za ndani bado zinatumiwa na pande zote mbili. Kwa hali hiyo Python ina copy.deepcopy, ambayo hunakili na vilivyomo ndani.

Kosa la tatu: Kulinganisha vibandiko badala ya vilivyoandikwa

Kosa hili ni la Java. Alama ya == ikitumika kwa vitu, haiulizi kama yaliyoandikwa ndani yanafanana. Inauliza kama ni kitu kile kile kimoja.

Ubaya wake ni kwamba mara nyingine hutoa jibu sahihi. Java ina namba za int, ambazo ni thamani tupu, na za Integer, ambazo ni vitu. Kwa Integer, Java huweka tayari vitu vya namba kuanzia -128 hadi 127, na kwa kawaida huvitumia hivyo hivyo kila vinapohitajika. Basi mkilinganisha namba za sura, ambazo mwisho wake ni 114, jibu litakuja sawa, nanyi mtaiamini programu. Siku mtakapolinganisha ada ya 5,000 na 5,000, yaweza kujibu kwamba hazilingani, na aliyekwisha kulipa akaandikwa mdaiwa.

Kwa vitu, yakiwemo maandishi kama majina ya watu, tumieni equals. Alama ya == iacheni kwa thamani tupu kama int.

Mambo ya kushika

1. Ijaribuni programu kwa vitu viwili au zaidi. Yetu tuliijaribu kwa mwanafunzi mmoja, na kwa mmoja haikuonyesha kosa lolote.

2. Mkilinganisha namba, jaribuni ndogo na kubwa.

3. Kila mnapoandika alama ya =, jiulizeni: hapa tumeunda kitu kipya, au tumebandika jina jingine?

4. Msiache orodha ya kitu wazi ibadilishwe kutoka popote. Katika Java iwekeni private, na mabadiliko yapitie kazi maalumu ya klasi hiyo. Likitokea kosa, mtajua pa kutafuta.

5. Kabla ripoti haijatoka, mtu aisome na kuilinganisha na daftari la ustadhi.

Nanyi wazazi, mkiona ripoti ya kompyuta haifanani na mnavyomjua mtoto wenu, msianze na mtoto. Njooni kwanza mtuulize sisi. Kumbukumbu za watu ni amana, na anayeandika programu ya kuzitunza ameibeba amana hiyo.

Wabillahi tawfiq.