Mtani Si Mdomo Tu

Mgeni akihudhuria msiba wa Kizaramo kwa mara ya kwanza hurudi kwao na kisa cha kusimulia: watu wale hawana haya, wanacheka na maiti bado imo ndani. Siku hizi hata watoto wetu waliokulia Tabata na Mbezi wanasema hivyohivyo, na hao ndio wanaonikera zaidi, maana mgeni ana udhuru.

Huyo asiye na haya ni mtani. Tulipofiwa na mjomba kule Kisarawe, mtani wetu Mnyamwezi alitoka chumbani amevaa koti la marehemu na kofia yake, bakora mkononi, akichechemea vilevile kama mjomba. Akasimama mlangoni pa chumba cha wanawake, akafoka: "Chai yangu iko wapi? Mmeshanisahau?" Mjane, ambaye tangu usiku hakuwa ametia kitu mdomoni, alicheka, akalia, kisha akaomba uji. Makaburini akajilaza chali mle shimoni, akaapa jeneza halishuki mpaka wafiwa wamlipe. Noti zikatupwa. Akazihesabu bila haraka, akatutukana kwa uchoyo wetu, akatoka.

Wanaosimulia kichekesho hicho husahau kwamba shimo lile alilichimba yeye. Kuni alipasua yeye, maji aliteka yeye, usiku sukari ilipokwisha alitumwa yeye. Mfiwa hakupaswa kugusa jembe. Hiyo ni kazi ya mtani, na ruhusa ya kutukana ndiyo ujira wake.

Nao utani huo haukuzuka hivihivi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wapagazi wakubwa wa misafara ya pembe za ndovu, wakitembea kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, wakipita Ugogo, Usagara, Ukwere na Uzaramo. Mtu aliye mbali na kwao kwa miezi, mzigo begani, alihitaji wa kumpa chakula njiani, na akifa, wa kumzika. Ndipo wakawa watani wa watu wa njia nzima. Wahehe na Wangoni wao walipitia kwenye mikuki: walipigana miaka ya 1870 na 1880 bila mmoja kummaliza mwenzake, na leo Mngoni anamuuliza Mhehe kama mbwa ameshaiva, wala hapigwi ngumi. Hata R. E. Moreau, Mwingereza wa Amani ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege, aliona jambo hili lina uzito, akaliandikia makala miaka ya 1940.

Utani wa babu na mjukuu, wa mashemeji, wa mabinamu, siusemei. Huo bado mzima, kila nyumba inao. Wa harusini umeshamezwa na washereheshaji wenye vipaza sauti.

Masheikh wengi hawapendi mchezo wa kaburini. Wanasema maiti aharakishwe, na kwa hilo sibishani nao. Ila sijaona mtani aliyechelewesha jeneza kama wanavyolichelewesha wapiga video.

Kilichouua utani wa msibani, kwa maoni yangu, si dini. Ni fedha. Kaburi la mjini huchimbwa na vijana wa kulipwa, chakula huja na mpishi wa kukodi, kamati huchangisha kwa simu. Mtani akifika anakuta kazi zote zimekwisha. Amebakiwa na matusi tu, na matusi ya mtu asiyefanya kazi hayachekeshi. Basi naye haji tena. Neno lenyewe limehamia kwenye mpira: Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya 1936 ndio watani wa jadi wanaojulikana na kila mtoto. Sina ugomvi na mpira, lakini huko ni mdomo mtupu.

Na mdomo mtupu ndio huo unaoleta kesi maofisini. Juzi kijana wa Kichaga alimwita mwenzake Mpare bahili mbele ya wageni. Mpare akanuna, Mchaga akajitetea: "Jamani, sisi si watani?" Nikamuuliza, mwenzio akifiwa utakwenda Same kumchimbia kaburi? Akacheka sana, akidhani nami namtania.