Kuusitiri Udongo wa Mizeituni

Katika mkoa wa Jaén, ulio ndani ya jimbo la Andalusia kusini mwa Hispania, mizeituni imepandwa kwa safu juu ya vilima na mabonde hata idadi yake imepita milioni 60, na kwa wingi wa mavuno ya mkoa huo na jirani zake Hispania imekuwa ya kwanza duniani kwa mafuta ya zeituni. Wanaoyasifu mafuta hayo ni wengi, lakini wanaouangalia udongo unaoyazaa ni wachache. Na udongo huo, katika mashamba mengi, umekuwa ukipotea kwa sababu ya matunzo yale yale yaliyodhaniwa kuwa ni ihsani kwa mti.

Asili ya jambo hili ni uhaba wa maji. Mvua ya huko hunyesha zaidi baina ya Oktoba na Mei, na kiangazi hupita kikavu. Kwa hivyo mkulima, akichelea kwamba kila jani lisilo la mzeituni linaunyima mti haki yake ya unyevu, alilima baina ya safu mara kwa mara, akaiacha ardhi wazi mwaka mzima. Hofu yake haikuwa ya ujinga, maana magugu yakiachwa hata siku za joto hunywa maji kweli. Taksiri ilikuwa kuyaondoa hata katika miezi ya mvua, wakati ardhi inapohitaji stara kuliko wakati wowote.

Tone la mvua liangukapo juu ya udongo ulio wazi huvunja madonge yake madogo, na chembe zilizovunjika huziba vitundu ambamo maji yangepenya; nayo maji, yakikosa njia ya kushuka, hufuata mteremko, yakachukua tabaka la juu lenye rutuba, na yakizidi nguvu huchimba makorongo. Milimita moja tu ya udongo ikiondoka katika hekta moja, uzito wake ni kiasi cha tani 13, na ardhi haiwezi kuufidia ila kwa miaka mingi. Plau nayo huongeza hasara, kwa kuwa huifunulia mboji hewa, vijidudu vikaila kwa haraka, na kaboni yake ikapaa angani. Waliobadili plau kwa dawa ya kuua magugu waliuepusha udongo na kupinduliwa, lakini hawakuusitiri. Ukashindiliana, na maji yakaendelea kutiririka juu yake.

Tiba iliyodhihirika kwa majaribio ni kuacha majani yaote baina ya safu, yawe ya asili au ya kupandwa, kama shayiri na mimea ya jamii ya kunde, kisha kuyafyeka mapema, aghalabu Machi au Aprili, kabla hayajaanza kushindana na mti kwa maji, na kuyalaza papo hapo yawe matandazo. Majani hupunguza kishindo cha mvua. Mizizi huyafungulia maji njia. Masalia huwa chakula cha nyungunyungu, bakteria na kuvu, ambao kwa kazi yao chembe za udongo hushikamana tena. Na jamii ya kunde huongeza naitrojeni itokayo hewani. Kadhalika matawi yaliyopogolewa, ambayo kwa desturi yalichomwa moto, yakikatwakatwa na kutandazwa huirudishia ardhi sehemu ya kile ilichotoa.

Hata mashudu yana fungu lake. Vinu vya Hispania, tangu miaka ya 1990, vilianza kukamua kwa njia isiyohitaji maji mengi, ambayo kwa kila tani ya zeituni huacha kiasi cha kilo 800 za mashudu majimaji yaitwayo alperujo. Yakimwagwa mabichi huweza kudhuru mimea, kwa sababu ya wingi wa fenoli. Bali yakichanganywa na samadi na majani, yakageuzwa kwa miezi kadhaa ili yapate hewa, huwa mboji njema yenye potasiamu nyingi.

Ibn al-Awwam wa Sevilla, alipotunga kwa Kiarabu kitabu chake cha ukulima katika karne ya 12, alitanguliza elimu ya udongo kabla ya elimu ya miti. Utaratibu huo ni wa haki hata leo, kwa kuwa mzeituni huweza kuishi karne kadhaa, na mwenye kuupanda hupandia vizazi asivyovijua. Basi asipowaachia warithi wake udongo ulio hai, amewaachia mti usio na riziki.