Je, Wajua? Forensiki Si Maiti Pekee

Neno forensiki lina asili ya Kilatini, forum, uwanja wa Roma palipokuwa na soko na kesi. Kwa hiyo kiini chake ni mahakama, si maiti. Lori likifika mpakani Malaba lakiri yake ya kielektroniki ikiwa imekatwa, ncha za waya zile, zikihifadhiwa kama ushahidi wa kesi, ni forensiki tosha. Wapo watakaosema kipimo chochote cha maabara kinastahili jina hilo. La. Sampuli ya pombe iliyonaswa Busia, ikifikishwa kwa Mkemia wa Serikali bila kumbukumbu ya nani aliishika na lini, ni kemia tu, wakili ataipangua. Hata rekodi ya kompyuta, chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, hudai cheti ili ipokewe mahakamani.