Ngoma za Burundi Kakuma na Deni la Jazi Mseto

Katika Kiswahili neno ngoma hubeba maana mbili zisizogombana, yaani chombo kilichowambwa ngozi na mchezo unaochezwa kwa kukifuata chombo hicho. Katika Kirundi neno ingoma, ambalo ni ndugu yake wa damu, humaanisha chombo na pia ufalme, kwa kuwa mamlaka ya mfalme wa Burundi yaliaminiwa kukaa ndani ya ngoma takatifu iliyoitwa Karyenda. Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, maana hizi zote zimekutana mahali ambapo wenyeji, kwa desturi yao, hawakuwamba ngoma kabisa.

Lodwar, makao makuu ya kaunti kando ya mto Turkwel, mchezo wa edonga huchezwa bila chombo: wachezaji huruka wima, na wanapotua kwa pamoja nyayo zao hutoa mshindo mzito juu ya ardhi kavu, huku makofi yakijaza nafasi iliyopo kati ya mshindo na mshindo na mwimbaji akimsifu fahali wake. Wakaramoja wa Uganda na Watoposa wa Sudan Kusini, ambao pamoja na Waturkana ni wa jamii ya Ateker na hukutana Lodwar katika tamasha la Tobong'u Lore, nao ni watu wa kuruka na kupiga makofi. Msemaji wa Kiswahili huuita mchezo huu ngoma bila kusita, wala hakosei, kwani ardhi yenyewe ndiyo ngozi iliyowambwa.

Mwendo wa kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar, katika barabara iendayo Lokichoggio, iko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, kisha ikapokea Wasomali, Waethiopia, Wakongo na Warundi. Warundi walifika na ngoma zao, ikiwa si mikononi basi vichwani, kwa maana zote mbili za neno hilo, maana mpigaji wa Kirundi huingia uwanjani akiwa amejitwika ngoma kichwani na huku akiipiga. Kwao ngoma huchongwa kwa gogo la mti uitwao umuvugangoma, jina linaloashiria mti unaoifanya ngoma iseme, nao ni mti wa nyanda za juu zenye mvua. Turkana upo mti wa ukoo huohuo, edome, unaoota kando ya malaga, yaani mikondo ya mito ya msimu, ila ni kichaka chembamba kifaacho fimbo kuliko mzinga wa ngoma.

Mpangilio wa ngoma hizi unastahili kutazamwa kwa makini, maana humo ndimo ilimo elimu yake. Wapigaji hujipanga nusu duara. Ngoma ziitwazo amashakwe hushika pigo moja lisilokatika, ambalo ndilo sakafu ya muziki wote. Zile ziitwazo ibishikizo huitikia na kugeuka kila zinapoelekezwa. Na mbele, katikati, husimama inkiranya, ngoma kiongozi, ambayo mpigaji wake hutoa ishara, huruka, hucheza, kisha humpisha mwenzake.

Msikilizaji wa jazi mseto atatambua hapa kazi ya mtu mmoja iliyogawiwa watu wengi. Jazi mseto ni muziki uliozaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, pale wanajazi walipochanganya utunzi wa papo hapo, yaani kubuni sauti jukwaani bila kuziandika, na gitaa za umeme na mapigo ya roki na fanki. Mpiga dramu wake aliyevuma kuliko wengi ni Billy Cobham, aliyezaliwa Panama mwaka 1944 na kukulia New York, ambaye baada ya kurekodi na mwanajazi Miles Davis aliingia kundi la Mahavishnu Orchestra mwaka 1971, akatoa albamu yake ya Spectrum mwaka 1973. Cobham huanzisha kwa mkono wa kushoto kwenye dramu zilizopangwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, hivyo mikono yake haipishani. Mmoja hushika pigo la kudumu kwenye toazi, kama amashakwe, na mwingine huwa huru kuuliza na kujibu, huku miguu ikikanyaga ngoma kubwa. Si kwamba aliiga Burundi. Ni kwamba tatizo la kushika sakafu huku ukiicheza lilipata jibu la namna moja mahali pawili.

Mahali ambapo jazi mseto iligusana na Burundi yenyewe panajulikana. Ufalme ulifutwa Novemba 1966, na mwaka uliofuata, wakati ngoma zikiwa ndiyo kwanza zimepoteza mfalme, Wafaransa walizirekodi kwa ajili ya sahani ya santuri. Mwaka 1971 rekodi hiyo ilipachikwa piano na gitaa huko Ufaransa ikauzwa kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, aliitumia rekodi ile ya awali katika wimbo The Jungle Line, ndani ya albamu The Hissing of Summer Lawns. Mpiga dramu mkuu wa albamu hiyo alikuwa John Guerin wa kundi la jazi mseto la L.A. Express, naye anatajwa kwa jina, tena pia kama mtunzi mwenza wa wimbo uliobeba jina la albamu. Lakini katika The Jungle Line kiti cha mpiga dramu kimekaliwa na Warundi, ambao hutajwa kwa jina la jumla la ngoma za Burundi. Huo ni upungufu mkubwa kuliko wote wa historia hii, na sifa zilizokuja baadaye hazijauziba.

Mwaka 2014 UNESCO iliitambua ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa binadamu. Mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri iliyowakataza wanawake kuipiga na kudai kibali kwa maonyesho yake. Amri hiyo haivuki mpaka: mkimbizi wa Kakuma, mwanamke kwa mwanamume, hahitaji ruhusa ya serikali hiyo ili aisimamie inkiranya. Basi yeyote anayewarekodi wapigaji hao leo, hata kwa simu ya mkononi, aandike chini ya picha yake jina la kila mmoja anayekubali kutajwa, na aanze na wale wa amashakwe waliosimama nyuma.