Nakala iliyosahaulika huenda ikaiponza sava nzima

APRILI 7, 2014, wasimamizi wa kompyuta kote duniani walipokea habari za kuogofya. Kasoro iliyopewa jina Heartbleed ilikuwa imefichuliwa katika OpenSSL, maktaba ya programu ambayo tovuti nyingi huitegemea ili kuficha mawasiliano yao na wateja. Kwa kuitumia kasoro hiyo, mhalifu aliye mbali angeweza kuchota maneno ya siri kutoka katika kumbukumbu ya sava, wala asiache alama.

Dawa yake ilitolewa siku iyo hiyo. Hata hivyo, ilimfaa tu yule ambaye programu zake zilikuwa zikiisoma maktaba mahali palepale dawa ilipowekwa. Hilo ndilo jambo ambalo wengi hulipuuza hadi leo.

Maktaba inayozungumziwa hapa ni faili yenye maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo programu nyingi huyaazima badala ya kila moja kujitungia yake. Programu ya tovuti, ya baruapepe na ya hifadhidata zote zaweza kuazima kutoka kwa OpenSSL moja.

Sisi wahariri tunaielewa hali hii vyema. Mwongozo wa tahajia ukiwa mmoja mezani, ukisahihishwa mara moja umesahihishwa kwa wote. Mwandishi akiwa na nakala yake kwenye droo, ataendelea kukosea kwa imani kamili kwamba anaufuata mwongozo.

Katika mifumo ya Linux kama vile Debian na Ubuntu, mlinzi wa mwongozo huo ni msimamizi wa vifurushi. Kila faili anayoiweka chini ya /usr/lib imeandikishwa kwa jina la kifurushi chake, na sasisho linapotoka, faili hiyo hubadilishwa kwa niaba ya programu zote zinazoiazima.

Nambari iliyo mwishoni mwa jina la faili nayo si pambo. Programu iliyoundwa kutumia libssl.so.1.1 haiwezi kupewa libssl.so.3, kwa kuwa mpangilio wa ndani umebadilika. Ubuntu 22.04 ilipotolewa Aprili 2022 bila ile ya zamani, programu zilizoitegemea zilikataa kufunguka. Wapo waliojaribu kuibandika faili mpya jina la kale. Hiyo ni sawa na kubadilisha vibandiko vya chupa za dawa.

Lakini kufungua kwa kukataa ni afadhali, maana mwenyewe hujua kuna tatizo. Hatari kubwa zaidi ni ile isiyopiga kelele.

Programu inapoanza, mfumo huitafutia maktaba zake kwa utaratibu maalumu. Kwanza hutazama njia zilizoandikwa ndani ya programu yenyewe na zile zilizotajwa katika LD_LIBRARY_PATH. Baadaye husoma orodha iliyotayarishwa na amri ya ldconfig, na mwisho kabisa huangalia /lib na /usr/lib. Faili ya kwanza inayofaa ndiyo huchukuliwa. Mfumo hauulizi kama kuna nyingine iliyo bora zaidi mbele.

Katika Debian na Ubuntu, orodha hiyo hutanguliza /usr/local/lib, mahali palipotengewa vitu anavyojiwekea msimamizi mwenyewe. Tuseme fundi aliunda OpenSSL kwa mkono wake miaka mitatu iliyopita, akaiweka huko, kisha akahamia kazi nyingine. Anayemrithi anasasisha mfumo kila wiki kwa apt, anaambiwa kila kitu ni kipya, naye anaamini. Kumbe programu zake zingali zinaazima ile nakala ya zamani yenye nambari ileile, ambayo apt haiijui wala haitaigusa.

Watumiaji wa lugha ya Python wana kisa chao kama hicho. Vifurushi vya Debian huweka maktaba za Python katika /usr/lib/python3/dist-packages, ilhali pip, ikiendeshwa na msimamizi mkuu, huziweka chini ya /usr/local, ambako hutangulia kusomwa. Kwa hivyo mtu aliyetaka maktaba mpya kwa mradi wake mdogo angeweza kuzivuruga zana za mfumo zilizoandikwa kwa Python, asijue kilichozisibu.

Ndiyo sababu tangu Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, pip hukataa kusakinisha humo na kumwelekeza mtumiaji aunde mazingira ya pekee kwa kutumia venv, yaani folda ambamo mradi unakaa na maktaba zake bila kumsumbua jirani. Anayeshikilia msimamo wake hulazimika kuongeza maneno --break-system-packages, ambayo maana yake ni kuvunja vifurushi vya mfumo. Ni nadra kuona amri ya kompyuta ikisema ukweli waziwazi namna hiyo.

Kwa maktaba za kawaida, ukaguzi si mgumu. Amri ya ldd, ikifuatwa na njia ya programu, huonyesha kila maktaba inayoazimwa na mahali inapotoka. Itumiwe tu kwa programu unayoiamini, kwani katika hali fulani huenda ikaiendesha programu yenyewe. Jibu likitaja /usr/local/lib, uliza ni nani aliyeiweka faili hiyo huko, lini, na nani anayeisasisha.

Hata pale njia zote zinapokuwa sahihi, kuna hatua moja iliyosalia. Programu iliyokwisha kuanza hubaki na maktaba ya zamani katika kumbukumbu, hata kama faili yenyewe imeshabadilishwa kwenye diski. Huduma iliyowashwa Jumatatu, maktaba yake ikarekebishwa Jumanne, itaendelea kuitumia kasoro ya Jumatatu hadi izimwe na kuwashwa upya. Debian na Ubuntu zina zana iitwayo needrestart ambayo huzitaja huduma zilizo katika hali hiyo, moja baada ya nyingine.